Rangi ya kisutu cha dada yetu



Kabla ya Ramadhani tuliwasifia mabiharusi programu zile za kutoa rangi kwenye picha: unaipa picha moja, nayo inakutolea rangi tano zinazokwenda pamoja, unazifuata kwenye sare, mapambo na kadi. Tulisema hata mtu asiyejua kulinganisha buibui na mtandio ataweza kupanga harusi yake. Tangu hapo wengi wametuuliza kama sisi wenyewe tumeitumia. Tumeitumia, tena kwa harusi ya mtoto wetu, na tumeona si haki kuwaachia sifa peke yake.

Dada yetu mkubwa, Allah amrehemu, aliolewa Wete mwaka 1989 akamfuata mumewe bara. Walianza Mbeya, baadaye wakahamia Tunduma, wakafungua duka la nguo na vyombo, ikawa ndiyo kwao. Wanaojua Tunduma wanajua kwamba Mpemba hakosi la kufanya pale. Ni mji wa mpakani hasa. Malori ya Zambia na Kongo yamepanga foleni usiku na mchana, reli ya TAZARA inapita hapo hapo, na ukivuka mpaka uko Nakonde. Dada alifariki mtoto wake wa mwisho akiwa na miaka minane. Huyo ndiye aliyeolewa mfunguo pili uliopita.

Alitupigia simu mapema. "Mama wadogo, nataka rangi za harusi yangu zitoke kwenye picha ya mama." Akaturushia picha ya albamu aliyoipiga kwa simu. Tuliijua. Dada siku ya harusi yake, ndani, amekaa kitandani na kisutu amekifunga kifuani, mabega wazi, nywele zimesukwa ndiyo kwanza, vipuli vya dhahabu masikioni, hina mpaka kwenye viwiko. Picha ya wanawake watupu, iliyopigwa na mwanamke, ikawekwa albamu ikafungwa.

Kwa wadogo ambao wamekulia kwenye magauni ya kukodi: kisutu ni kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kwetu ndiyo nguo ya biharusi tangu enzi za bibi zetu. Mtoto hakuomba makubwa. Alitaka watu wakiingia ukumbini waione rangi ya mama yake.

Tulifungua tovuti moja ya bure, tukaipandisha picha, na kabla hatujamaliza kunywa chai rangi tano zilikuwa zimejipanga chini yake, kila moja na nambari yake. Ya kwanza krimu. Ya pili kahawia iliyoiva. Ya tatu waridi lililofifia kidogo, waridi la kizamani, nambari yake B5727A. Ya nne tukaiita karameli, na tuliipenda kuliko zote. Ya tano kijani chenye ukijivu. Zilikaa pamoja kama zilizopangwa na mpambaji wa miaka 20. Tukashangilia, tukampelekea biharusi, naye akaandika "mashaAllah" na mioyo mingi.

Hapa tusimame kidogo tueleze inavyofanya kazi, maana laiti tungelijua mapema tungejiepusha na mengi. Picha ya simu ni vidoti, mamilioni. Kila kidoti kina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, na kila namba iko kati ya 0 na 255. Ukizichanganya unapata rangi zaidi ya milioni 16. Hakuna mtu atakayechagua sare humo. Kwa hiyo programu inavikusanya vidoti vinavyokaribiana kuwa mafungu machache, tuseme matano, kisha kila fungu inalipa rangi moja, nayo ni wastani wa vyote vilivyomo. Moja ya njia maarufu za kugawa mafungu hayo iliandikwa mwaka 1982 na Paul Heckbert wa Marekani. Wakati huo kompyuta nyingi hazikuweza kuonyesha zaidi ya rangi 256 kwa pamoja, na picha ilibidi ipunguziwe rangi bila sura kuharibika. Hakuna aliyekuwa akifikiria harusi.

Liangalieni neno wastani. Kisutu kina vidoa na mistari midogo midogo, nyekundu kando ya nyeupe, nyeupe kando ya nyeusi. Programu nyingi huipunguza picha kwanza ili hesabu iende haraka, na ikipunguzwa, nyekundu na nyeupe zilizo jirani zinamezana zinakuwa waridi. Mbali na hilo, picha za karatasi za miaka ile hupauka na kugeuka rangi kadiri zinavyokaa, na hii ilikuwa imepigwa kwenye taa ya chumbani, kisha ikapigwa tena kwa simu usiku. Programu haikusema uongo. Ilihesabu ilichopewa.

Jambo la pili, fungu lenye vidoti vingi ndilo linalotangulia. Ukuta ulichukua nusu ya picha, basi krimu ikawa ya kwanza. Kitanda kikafuata. Vile vipuli, ambavyo kila mwanamke aliyekuwapo siku ile angevitaja kabla ya kitu kingine, havikutoka kabisa. Vilikuwa vidoti vichache mno.

Hatukuyajua hayo. Tuliingia Darajani na simu mkononi tukimwonyesha kila muuza nguo skrini, tukipandisha mwanga na kuushusha, mpaka tukapata satini iliyolingana na B5727A chini ya taa ya duka. Chini ya taa, narudia kusema. Nguo mbili zinaweza kufanana sawasawa dukani na zikitolewa juani zikaachana, kwa sababu dawa zilizotiwa rangi si moja. Tukachukua majora. Wanawake 41 wa Tunduma walitaka sare, mita nne kila mmoja, shilingi elfu 32. Tulichukua na utepe wa karameli wa kufungia viti.

Hao 41 si watu wa kwetu watupu. Wapo majirani Wanyamwanga na Wanyiha, Waislamu na Wakristo, wanaouza nyanya, mchele na vitenge sokoni, waliomlea mtoto huyu alipofiwa. Wengine walitoa hiyo elfu 32 kwenye kikoba. Tulilijua hilo wakati tunapokea pesa, na bado hatukuona haja ya kuuliza mara mbili kuhusu rangi. Nambari si tunayo.

Tulipanda boti, halafu basi kutoka Dar, zaidi ya kilomita 900, Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, Vwawa. Tulishuka usiku. Baridi ya kule mwezi wa tano haina adabu, na sisi tulikuwa na mitandio ya shifoni.

Asubuhi tukaufungua mzigo sebuleni. Shangazi wa biharusi, wifi yetu, akaishika satini, akaisogeza dirishani.

"Mawifi zangu, hii ndiyo nini?"

"Sare, wifi. Rangi ya kisutu cha marehemu."

"Kisutu kipi?"

Tukamweleza. Imetoka kwenye picha yenyewe, hatukuchagua sisi. Akatusikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akarudi na foronya imekunjwa, inanukia udi. Ndani yake mlikuwa na kanga. Kipande kimoja cha ile doti. Cha pili, alisema, kilitumika siku ya kumwosha.

Akaitandaza juu ya satini. Wapenzi, ilikuwa nyekundu. Nyekundu iliyokoza, ya kisutu, ambayo hata baada ya kufuliwa miaka yote ile isingeweza kuitwa waridi na mtu mwenye macho. Waridi letu lilionekana kama nguo iliyoingiwa na maji ya nguo nyingine.

Sisi ni ndugu zake tumbo moja. Mmoja wetu alimshikia sinia la hina siku ile, na mwingine alikuwa mtoto akilala kwenye mapaja yake, pua ndani ya kanga hiyo hiyo. Nyekundu ile tulikuwa nayo vichwani. Tulipoletewa waridi na simu hakuna hata mmoja aliyesema "lakini kisutu si chekundu?"

Tulikuwa bado tumeduwaa biharusi akaingia, akaiona kanga, akaiona satini, akachukua simu yake akaifungua ile picha. Hakukasirika. Alianza kutafuta kila rangi ilikotoka, kama mtu anayetafuta sindano. Krimu, ukuta. Kahawia, kitanda. Kijani, pazia. Waridi, kanga. Kisha akauliza, "Na karameli iko wapi, mama mdogo?"

Tukatafuta wote. Haikuwa kwenye kitanda. Haikuwa kwenye kanga. Akaikuza picha, akaweka kidole kwenye bega la mama yake.

"Hii ni mama."

Hakuna aliyesema neno. Utepe ulikuwa sakafuni, umeshakatwa vipande vya viti. Katika Surat ar-Rum, aya ya 22, Allah ametaja kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara Zake. Tumeisikia aya hiyo kwenye darsa mara nyingi, na tulikuwa tumeipima ngozi ya dada yetu kwa mita tukaenda kuifunga kwenye viti vya ukumbi. Tukaukunja utepe tukaurudisha mfukoni.

Lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa lilikuja aliporudi na swali la pili, sasa kwa sauti ndogo. "Picha hii mliitia wapi?"

Kwenye intaneti.

"Kama ilivyo? Kichwa wazi?"

Dada yetu hakutoka nje bila buibui tangu alipovunja ungo. Albamu ile ilikuwa na ufunguo. Baba mtu hakuwa akiifungua mbele ya wanawe wa kiume. Na sisi, ambao kila msimu tunawakumbusha mabiharusi kuandikiana na mpiga picha kwamba picha zao hazitarushwa popote, tuliichukua amana ya maiti tukaipandisha kwenye mashine ya watu tusiowajua, kwa ajili ya rangi ya satini. Wala hatukufikiri. Ilikuwa kugusa mara moja tu.

Usiku ule tulikaa tukasoma masharti ya ile tovuti, ambayo tulikuwa tumeyakubali bila kuyasoma. Kiingereza, maandishi ya chungu. Yalisema picha zinazopandishwa zinahifadhiwa kwao na zinaweza kutumika kuboresha huduma. Tukawaandikia tukiomba ifutwe. Likaja jibu la mashine kwamba barua imefika. Tukaandika tena baada ya wiki.

Biharusi aliomba baba yake asiambiwe kabla ya nikahi. Tulimwambia wenyewe siku ya tatu baada ya harusi, tumekaa chini. Aliuliza kama inaweza kurudishwa. Tukasema hatuwezi kumwahidi. Akanyamaza, akasema "haya," akaenda msikitini.

Kuhusu sare, zilikuwa zimebaki siku tisa. Wazo la kwanza lilikuwa kununua nguo upya, na hilo shangazi alilikataa kabla halijamalizika. Watu wameshatoa pesa zao, kuwatoza tena ni dhuluma, na kutupa majora mazima ni israfu. Satini ishonwe kama ilivyo. Jirani mmoja muuza vitenge akasema tuipe yeye kanga. Si picha, kanga. Tukatoka naye asubuhi, akaenda akiitandaza kwenye kila kibanda, nje, kwenye mwanga, sehemu yenye kivuli, anaiweka kanga juu ya nguo na kuondoka au kubaki. Kibanda cha saba akabaki. Ilikuwa pamba nyekundu ya kawaida, nguo ya bei ndogo, ambayo dukani tungeipita bila kuitazama. Tulinunua ya kutosha ushungi 41, na hiyo tuliilipa sisi. Mafundi watatu walikesha.

Waridi na nyekundu, kusema kweli, hazikugombana. Wanawake walipoingia na ushungi mwekundu juu ya satini ile, mashangazi wa Pemba waliosafiri walisema kwa mbali inaonekana kama kisutu kinatembea. Labda walitufariji. Usiku wa hina biharusi alijifunga ile kanga yenyewe, kipande kimoja, na simu zote zilikusanywa mlangoni kwenye kapu. Kapu hilo ndilo tuliloshauri sisi, na hakuna aliyebisha.

Sasa kwa wanaotaka kutumia programu hizi. Hatuwakatazi. Tumeijaribu tena tulipokuwa kule kule, safari hii tukipiga picha kanga yenyewe, uani, kivulini, saa nne asubuhi, karatasi nyeupe imewekwa kando ili tuone kama simu imeugeuza weupe kuwa manjano. Tukaikata picha ibaki nguo peke yake. Nyekundu ikatoka: B01E2A, na nyeusi, na nyeupe. Kwa hiyo inaweza, ukiipa kitu sahihi. Tena usikubali rangi tano za kwanza inazokuletea. Adobe Color, kwa mfano, inaweka viduara juu ya picha, na unaweza kukiburuta kiduara mpaka kwenye kipuli au kwenye pindo, mahali unapopapenda wewe. Programu haijui unachokipenda. Inajua kilicho kingi.

Picha ya mtu usiitie, iwe yako au ya mama yako. Ikiwa lazima, kata kipande cha nguo kwanza ndani ya simu, ndipo ukipandishe hicho. Na kuna jaribio dogo tulilofundishwa na kijana wa duka la simu pale Tunduma: fungua programu, kisha zima data na waifai, ndipo uipe picha. Ikitoa rangi bila intaneti, hesabu inafanyika humo humo kwenye simu yako. Ikikwama, picha yako inatakiwa isafiri kwanza, na wewe ndiye wa kuamua kama isafiri.

Dukani nenda na kipande cha nguo. Ukubwa wa kiganja unatosha. Mwombe muuzaji akutolee jora nje, na asipotaka, kuna maduka mengine.

Satini iliyobaki, mita 11, tumemwachia shangazi ashone foronya. Utepe wa karameli tulitaka kuuchoma, biharusi akautaka. Tulimuuliza anautakia nini, akasema ataona. Ameuweka kwenye ile foronya, pamoja na kanga.

Barua ya tatu tumeituma jana. Tuombeeni.